Maktaba ya kidijitali bila intaneti shuleni: wanafunzi wakizidi ishirini inagoma. Kosa liko wapi?

#1 FundiWaKata
Salaam wadau.

Kuna sekondari ya kata yenye maktaba ya kidijitali isiyotumia intaneti. Ni Raspberry Pi 4 (kompyuta ndogo ya bodi moja) ya RAM GB 4, kadi ya SD ya GB 256, ndani mna Kolibri (jukwaa la masomo na mazoezi) na Kiwix (ya kusoma Wikipedia na tovuti nyingine bila intaneti). Rauta hakuna, Pi yenyewe ndiyo inarusha waifai. Wanafunzi wanaingia kwa vishikwambi.

Dalili: wakiwa kumi na watano, mambo yanakwenda vizuri. Wakikaribia ishirini, wanaokuja wanaliona jina la waifai ila wanakwama kwenye "inapata anwani ya IP". Waliokwisha kuingia nao video zinaanza kusimama. Ukizima na kuwasha inatulia kidogo, kisha inarudia.

Mkuu wa shule ameshauriwa anunue seva ya shilingi milioni tatu. Dai langu ni kwamba mashine na programu havina kosa, mpangilio wa mtandao ndio mbovu. Kama nimekosea nisahihisheni kabla fedha ya shule haijatoka.

#2 WayaNaMawimbi
Hiyo milioni tatu izuie kwanza. Seva kubwa ikirusha waifai kwa antena dhaifu italeta matokeo yaleyale.

Chipu ya waifai ya Pi 4 haikukusudiwa kuhudumia darasa zima. Idadi ya vifaa inavyobeba inategemea fimwea, yaani programu ya ndani ya chipu. Ile ya kawaida hubeba vichache, chini ya kumi. Ile iliyopunguzwa kazi nyingine hufika karibu ishirini. Kubadilisha ni amri moja:

`sudo update-alternatives --config cyfmac43455-sdio.bin`

Chagua yenye neno minimal, washa upya. Kwa kuwa nyinyi mnakwama karibu na ishirini, nadhani tayari mko kwenye hiyo, na hapo ndipo ukuta ulipo.

Tiba ya kudumu ni kirusha waifai cha nje, hata rauta ya kawaida ya ofisini. Iunge na Pi kwa waya wa Ethernet, kisha izime waifai ya Pi kwa kuandika `dtoverlay=disable-wifi` kwenye config.txt. Masafa ya 2.4 GHz yaache kwenye chaneli 1, 6 au 11, upana MHz 20. Upana wa MHz 40 kwenye 2.4 unaongeza mwingiliano tu.

#3 Sanduku_Huria
Mkuu #2 umekimbilia redio mapema. "Inapata anwani ya IP" maana yake redio imeshakubali, kinachokosekana ni anwani. Fundi, fungua /etc/dnsmasq.conf (mpangilio wa dnsmasq, programu inayogawa anwani hizo kwa njia iitwayo DHCP) utazame mstari wa dhcp-range. Miongozo mingi ya kugeuza Pi kuwa kirusha waifai ina mstari huu, na watu wanaunakili bila kuusoma:

`dhcp-range=192.168.4.2,192.168.4.20,255.255.255.0,24h`

Hesabu kutoka .2 hadi .20: anwani 19. Kifaa cha ishirini hakina pa kukaa, na waliochukua wanazishikilia kwa saa 24. Weka .10 hadi .250 upate 241, na muda uwe 2h.

#4 JuaLaSaaSita
Na umeme je? Video zinasimama kwa waliokwisha kuingia, na hilo anwani za IP haziwezi kulieleza. Mzigo ukipanda Pi inavuta ampea zaidi, volti inashuka, prosesa inajipunguza kasi. Toa amri `vcgencmd get_throttled` wakati darasa limejaa, utuletee jibu hapa. Tuambie pia mnatumia adapta gani na waya gani.

#5 FundiWaKata
Shukrani. Nimekagua:

dhcp-range ni ileile ya #3, neno kwa neno.
Fimwea ni minimal.
get_throttled imetoa 0x50005.
Adapta ni ya simu, 5V 2A, waya mwembamba wa mita moja.

Kwa hiyo wote watatu mna ushahidi.

#6 Mwanagenzi_TZ
0x50005 ni joto hilo. Wekeni feni ndogo, mjadala uishe.

#7 Sanduku_Huria
Hapana ndugu. Namba hiyo husomwa biti kwa biti. Biti 0 ni volti imeshuka sasa hivi, biti 2 ni kasi imepunguzwa sasa hivi, biti 16 na 18 zinasema mambo hayo yalishatokea tangu iwashwe. Zijumlishe unapata 0x50005. Joto lina biti zake, 3 na 19. Ungeona 8 mwishoni, au 0x80000. Feni haidhuru, lakini hapa haitibu.

Hapa JuaLaSaaSita ana haki yake.

#8 JuaLaSaaSita
Asante. Hesabu yake ni hii. Waya mwembamba wa kipimo cha 28AWG una takriban ohm 0.21 kwa mita. Umeme unakwenda na kurudi, kwa hiyo ohm 0.43 kwa waya wa mita moja. Pi ikivuta ampea 1.2 unapoteza volti 0.5 njiani. Adapta inatoa 5.0, Pi inapata 4.5. Onyo linatolewa ikishuka chini ya 4.63. Ndiyo maana adapta rasmi inatoa 5.1V kwa 3A, na waya wake ni mnene na haubanduki.

Mkitumia betri ya 12V, tafuteni kishusha volti cha ampea 5 halisi, mkirekebishe kitoe 5.1 kabla ya kuunga Pi, na waya wa upande wa 5V usizidi sentimita 30. Umbali mrefu upitisheni kwenye 12V.

#9 WayaNaMawimbi
Nakubali umeme ni mbovu. Lakini maelezo ya DHCP bado yana tobo. Fundi kasema akizima na kuwasha inatulia. dnsmasq huandika orodha ya waliopewa anwani kwenye /var/lib/misc/dnsmasq.leases, na faili hilo halifutiki kwa kuzima. Kama anwani zingekuwa zimekwisha, baada ya kuwasha zingebaki zimekwisha. Kinachofutika kwa kuzima ni orodha ya waliounganishwa ndani ya chipu ya redio. Narudi palepale: redio.

#10 Sanduku_Huria
Hoja nzuri, ila angalia upande wa pili. Anayeshikilia anwani ya jana akirudi leo anapewa ileile. Baada ya kuwasha, wa kwanza kurudi ni wale wenye anwani zao, kwa hiyo kwa muda huoni malalamiko. Malalamiko yanaanza vikifika vishikwambi vingine.

Pia Pi 4 haina saa ya betri. Ikizimwa, muda unasimama. Ikiwashwa bila intaneti inaendelea na saa iliyohifadhiwa mwisho na fake-hwclock. Shule inawasha saa nane kwa siku, basi ile 24h inakuwa siku tatu za shule. Anwani iliyochukuliwa Jumatatu inaweza isiachiwe hadi Alhamisi.

#11 Mwanagenzi_TZ
Na simu za siku hizi zinabadilisha anwani ya MAC (kitambulisho cha kifaa kwenye mtandao) kila zikiunganishwa. Kishikwambi kimoja kinaweza kula anwani kumi.

#12 Sanduku_Huria
Si kila zikiunganishwa. Kuanzia Android 10, MAC ya kubuni ni moja kwa kila jina la waifai, na inabaki hiyohiyo. Itabadilika ukikifuta kifaa chote kianze upya, au ukibadilisha jina la waifai. Kwa hiyo msibadilishe jina kila muhula.

#13 BiMdogo_Seva
Habari zenu. Mmesahau Kolibri yenyewe. Inahifadhi maendeleo ya wanafunzi kwenye SQLite, hifadhidata nyepesi, na SQLite inaruhusu mwandishi mmoja tu kwa wakati mmoja. Wanafunzi thelathini wakifanya zoezi, kila jibu linaandikwa. Kadi ya SD ni nzito kwa maandishi madogomadogo mengi, foleni inajaa, kurasa zinasimama. Hata mkiwapa kirusha waifai cha bei mbaya.

Namna ya kutenganisha ni rahisi. Kiwix inasoma tu, haiandiki. Darasa likijaa, wanafunzi waliokwama wafungue Kiwix. Kiwix ikienda haraka na Kolibri ikisimama, tatizo ni hifadhi. Zikisimama zote mbili, ni mtandao au umeme. Kisha tazama `~/.kolibri/logs/kolibri.txt`, tafuta maneno "database is locked".

Ikithibitika, hamishia folda ya Kolibri kwenye SSD ya USB 3 kwa kuweka KOLIBRI_HOME. Chomeka kwenye tundu la buluu. Vigeuzi vingine vya USB kwenda SATA havielewani na Pi 4, vinakatika katikati ya kazi. Ukiona hivyo, chukua namba ya kigeuzi kwa `lsusb`, iongeze kwenye cmdline.txt kama `usb-storage.quirks=xxxx:xxxx:u`. Kasi itashuka kidogo lakini kitatulia.

#14 MtaalamuWaMaktaba
BiMdogo, Kolibri inakubali pia PostgreSQL, hifadhidata inayoruhusu waandishi wengi kwa mpigo. Kwa shule yenye madarasa mawili kwa mpigo ni bora mara nyingi.

#15 BiMdogo_Seva
Kweli inakubali. Lakini Postgres inahitaji mtu wa kuitunza, na shule nyingi hazina. SQLite ni faili unalonakili kwenye flashi, ukamaliza. Ningeanza na SSD.

#16 JuaLaSaaSita
Kwa wenye sola, mzigo wa maktaba yenyewe ni mdogo. Pi na SSD wati 7, kirusha waifai wati 6, jumla 13. Kwa saa 8 ni Wh 104, ongeza upotevu inafika 125. Betri ya asidi ya 12V 26Ah ina Wh 312, na usiitumie zaidi ya nusu, hivyo 156. Paneli: 125 gawanya kwa saa 4.5 za jua zuri na ufanisi wa 0.7, unapata wati 40. Nunua ya 60 au 80 kwa ajili ya masika.

#17 WayaNaMawimbi
Mzee wa jua, kila uzi lazima utuwekee paneli. Ila safari hii umesahau vishikwambi.

#18 JuaLaSaaSita
Sijavisahau, nilikuwa navileta. Kishikwambi chenye betri ya 5000 mAh ni kama Wh 19. Thelathini ni 570, na upotevu wa chaja ni karibu 700. Yaani kuchaji vishikwambi kunakula mara tano na zaidi ya maktaba yenyewe. Mifumo mingi ya shule inakufa hapa: betri ilipigiwa hesabu ya seva, kisha walimu wakaunga chaja zote jioni, ikashuka chini kabisa kila siku, na betri ya asidi haivumilii hilo.

Njia mbili. Ama paneli ya wati 300 na betri ya lithiamu (LiFePO4) ya 100Ah, ama chajini kwa zamu kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri, jua likiwa linalipa papo hapo. Ya pili inahitaji ratiba ukutani na mtu mwenye ufunguo wa kabati.

#19 UpepoWaKusi
Wa pwani na visiwani ongezeni hili. Hewa ya chumvi inakula pini za kadi ya SD na matundu ya USB. Dalili yake inafanana kabisa na kadi iliyokufa: Pi haiwaki, ukiichomoa kadi na kuirudisha inawaka. Isugue pini kwa kifutio cheupe, ipakie sanduku lenye mlango, matundu ya hewa yaelekee chini. Feni inayovuta hewa ya nje inaingiza chumvi, heri kasha la alumini lenye mapezi lisilo na feni.

Na hiyo saa aliyoitaja #10 inauzwa kama moduli ndogo ya DS3231 yenye betri ya CR2032. Inakaa kwenye pini za I2C, mstari mmoja kwenye config.txt: `dtoverlay=i2c-rtc,ds3231`. Halafu ondoa fake-hwclock. Bila hiyo, ripoti za Kolibri zinaonyesha mwanafunzi kafanya zoezi tarehe ambayo shule ilikuwa imefungwa, na mwalimu akiona hivyo mara moja haziamini tena. Pi 5 ina saa ndani, ila betri yake unanunua mwenyewe.

#20 Mwl_Mada
Nawasoma tangu jana, na ninaheshimu kazi yenu. Lakini maktaba nyingi za namna hii zinaachwa zikiwa nzima kabisa, taa inawaka, hakuna anayeingia. Sababu ni kwamba kilichomo hakifuati muhtasari. Mwalimu wa Kidato cha Pili ana dakika arobaini. Akifungua Kolibri anakuta bahari ya video za Khan Academy zilizopangwa kwa madaraja ya Marekani. Atatafuta mara mbili, ya tatu anarudi kwenye ubao. Na tangu Januari 2024 mitaala mipya ya Tanzania imeanza kutumika kwa awamu, hata wale waliokuwa wamepanga kwa mada za zamani wanapaswa kupanga upya.

Kazi inafanyika hivi. Mahali penye intaneti, fungua akaunti Kolibri Studio. Tengeneza chaneli moja kwa kila somo. Folda zake ziwe mada za muhtasari kwa mfuatano wake na majina yake yaleyale. Ndani ya kila folda ingiza video mbili au tatu tu kutoka chaneli zilizopo, zoezi moja, na PDF ya mwalimu. Ukichapisha unapata tokeni. Kwenye kompyuta yenye Kolibri na intaneti, ingiza kwa tokeni hiyo, kisha hamishia kwenye flashi, upeleke shuleni.

Mada moja ikipangwa vizuri ni kazi ya saa mbili za mwalimu anayejua somo. Gharama kubwa iko hapo, na haionekani kwenye bajeti yoyote ninayoiona ikipitishwa.

#21 MtaalamuWaMaktaba
Naunga mkono #20 kwa moyo wote, na niongeze lugha. Msingi wanasoma kwa Kiswahili, sekondari kwa Kiingereza. Mtoto wa Kidato cha Kwanza anahitaji vyote viwili kwa mwaka mzima. Wekeni chaneli ya Khan Academy ya Kiswahili kando ya ile ya Kiingereza kwenye folda moja, msizitenge. Wikipedia ya Kiswahili, iliyoanza 2003, ni ndogo kiasi cha kuingia kwenye flashi ya kawaida. Hadithi za African Storybook, mradi wa Saide wa Afrika Kusini tangu 2014, nyingi zina Kiswahili na leseni yake inaruhusu hata kuchapisha karatasi.

Wikipedia ya Kiingereza yenye picha inazidi GB 100. Kwa kadi ya 256 inakula karibu nusu. Ile isiyo na picha ni kama nusu ya hapo, ingawa kwa baiolojia na jiografia picha ndizo zinazofundisha.

#22 Mwanagenzi_TZ
Kwa nini msipakue vitabu vyote vya kiada kwenye Maktaba Mtandao ya TET (Taasisi ya Elimu Tanzania) mkaviweka humo? Ni bure.

#23 MtaalamuWaMaktaba
Bure kusoma si ruhusa ya kunakili na kusambaza. Vitabu vile vina hakimiliki, na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 inahusu hata shule. Shule au halmashauri iandikie TET barua, ieleze ni nakala ngapi, kwenye mashine ipi, ndani ya uzio wa shule, bila kuuza. Barua ya kukubaliwa ikae kwenye jalada. Wikipedia ina leseni huria ya CC BY-SA, unanakili ukitaja chanzo. Khan Academy ni CC BY-NC-SA, usiiuze. Kituo cha masomo ya ziada kinachotoza ada kwa kipindi kijiulize mara mbili hapo.

#24 Mwl_Mada
Sheria naiheshimu, lakini barua inaweza kukaa muhula mzima, na mtoto ana mtihani Novemba. Vitabu vimetungwa kwa fedha ya umma. Mimi naona vilipaswa kutoka na leseni huria tangu siku ya kwanza, kusiwe na barua yoyote.

#25 MtaalamuWaMaktaba
Hapo tuko pamoja kabisa, Mwalimu. Tofauti yetu ni kwamba hadi leseni ibadilishwe, barua inabaki.

#26 Stima_Imepotea
Hamjambo, nachangia kutoka Kenya. Mpango wa serikali wa mwaka 2016 ulipeleka tableti shule za msingi za umma pamoja na vipakatalishi vya walimu, projekta, na seva ya maudhui yenye rauta ndani yake. Yaani muundo mnaoujadili hapa ulishawahi kupelekwa kwa ukubwa wa nchi. Penye mwalimu aliyepewa saa rasmi za kazi hiyo, vifaa vilitumika. Pengine vilifungiwa stoo, kwa kuwa mwalimu mkuu aliogopa kuulizwa kikiibiwa. Kabla ya kununua chochote, andikeni ni nani halipi kifaa kikivunjika darasani. Hofu hiyo ndiyo hufunga kabati.

#27 WayaNaMawimbi
Kwa vishikwambi kuna shida nyingine mtakayokutana nayo. Android ikijiunga na waifai isiyo na intaneti, inajaribu kufikia seva zake, ikikosa jibu inaonyesha alama ya mshangao, na chenye laini ya simu kinahamia data kimyakimya. Mtoto anaandika anwani ya maktaba, kivinjari kinaitafuta kwenye bando, "ukurasa haupatikani". Zimeni data, au mkiulizwa kama mnataka kubaki kwenye mtandao huu jibuni ndiyo na kuweka alama ya kutouliza tena. Anwani iandikeni yote ukutani, `http://192.168.4.1:8080` kwa Kolibri. Bila http vivinjari vingine vinajaribu https na kukwama.

#28 BiMdogo_Seva
Kiwix ipeni mlango mwingine, mfano 8081, kwa kuwa 8080 ni ya Kolibri:

`kiwix-manage library.xml add faili.zim`
`kiwix-serve --library library.xml --port 8081`

Na flashi ya kubebea mafaili ya ZIM (maudhui ya Kiwix) iwe exFAT au ext4. FAT32 haipokei faili linalozidi GB 4, na ujumbe unaotoa huwafanya watu wadhani flashi imejaa.

#29 FundiWaKata
Mrejesho. Nimepanua dhcp-range hadi .250, muda 2h. Nimeweka adapta ya 5.1V 3A. Vifaa 23 vimeunganishwa, get_throttled sasa ni 0x0. Video bado zinasimama kikizidi kifaa cha ishirini, ila si kwa wote: wa safu ya nyuma ndio wanaoteseka.

#30 Sanduku_Huria
23 kwenye redio iliyoambiwa mwisho wake ni karibu ishirini. Ilikuwa DHCP.

#31 JuaLaSaaSita
Umebadilisha viwili siku moja, Fundi. Redio isiyo na umeme wa kutosha nayo huangusha wateja. Nani atathibitisha ni kipi kilichoponya?

#32 WayaNaMawimbi
Safu ya nyuma inateseka kwa sababu ya mawimbi. Kishikwambi cha mbali kinaongea kwa kasi ndogo, kinashika hewa muda mrefu, na wengine wote wanasubiri. Fanya hesabu: video ya MB 30 ya dakika 8 ni Mb 0.5 kwa sekunde. Vifaa 23 ni kama Mb 12. Kwa karibu Pi inaweza, ikiwa na wa mbali sita haiwezi. Kirusha waifai kipandishwe ukutani katikati ya darasa, mita mbili na nusu kutoka sakafuni, si juu ya meza ya mwalimu nyuma ya kabati la chuma.

#33 BiMdogo_Seva
Au wa nyuma ndio walioingia mwisho, na foleni ya kuandika imewakuta. Fundi hajajaribu Kiwix bado. Badilisha kitu kimoja kwa siku, tafadhali, na uandike.

#34 Mwanagenzi_TZ
Nje kidogo ya mada. Shule hiyo ikitaka kuorodhesha na vitabu vya karatasi, ile Koha ya Wamarekani, programu ya kuendesha maktaba, inaingia kwenye Pi hiyohiyo?

#35 MtaalamuWaMaktaba
Koha ilitoka New Zealand. Ilitengenezwa 1999 kwa ajili ya maktaba za Horowhenua, ikaanza kazi Januari 2000. Na usiiweke kwenye mashine hiyohiyo. Inataka MariaDB, Apache na kiorodheshi chake, na upande wa wafanyakazi mara nyingi huwekwa kwenye 8080, utagongana na Kolibri. Kompyuta ya mezani iliyotumika, RAM GB 4, Debian, inatosha. Kabla ya kufunga Koha anza na daftari: kichwa, mwandishi, ISBN, idadi, namba ya rafu. Shule yenye vitabu 600 na daftari safi inaingiza vyote kwa faili la CSV lililogeuzwa kuwa MARC, muundo wa rekodi za maktaba. Shule isiyo na daftari itakuwa na Koha tupu.

#36 UpepoWaKusi
Kuna makabrasha ya zamani ya Kiswahili, vijitabu vya afya na kilimo, vimechanikachanika. Mkivipiga picha mkaviweka PDF havitafutiki kwa neno. Kuna programu huria inayosoma Kiswahili?

#37 Sanduku_Huria
Ipo. Tesseract ina data ya Kiswahili, `tesseract-ocr-swa`. Itumie kupitia ocrmypdf:

`ocrmypdf -l swa+eng --deskew --rotate-pages ingizo.pdf tokeo.pdf`

Skani kwa dpi 300. Picha za simu zinafaa ukipiga kwa mwanga wa dirisha, ukurasa ukibanwa kwa kioo. Kwa vijitabu vya afya hakiki vipimo vya dawa kwa macho, kwa sababu 1 na 7 zinachanganywa kwenye karatasi iliyofifia.

#38 BiMdogo_Seva
Na PDF za skani ni nzito. Kurasa 80 za dpi 300 zenye rangi zinaweza kufika MB 200, kishikwambi cha RAM GB 2 kinafunga kivinjari. Hifadhi ile nzito kama nakala mama, kisha toa ya kusomea kwa Ghostscript, `-dPDFSETTINGS=/ebook`, inayoshusha picha hadi dpi 150. Fanya OCR (kusoma maandishi kwenye picha) kwanza, punguza baadaye. Ukipunguza kwanza Tesseract inakosa herufi ndogo.

#39 UpepoWaKusi
Shukrani. Vijitabu vyenye nembo ya wizara navyo vinaandikiwa barua?

#40 MtaalamuWaMaktaba
Ndiyo, navyo. Tazama ukurasa wa nyuma ya jalada kwanza, vingine vimeandikwa wazi kwamba vinaweza kunakiliwa kwa elimu bila malipo. Piga picha na ukurasa huo, uwe wa kwanza ndani ya PDF.